Je, Wakati Wetu wa Kupata Mtoto Umepita?



Kuna swali ambalo sisi makatekista tunaulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya jumuiya ndogo ndogo kumalizika na wengine kuondoka. Mume ana miaka 41, mke 37. Walichelewa kufunga ndoa kwa sababu ya masomo, kungoja kazi ya ualimu, mahari, au kuwalipia wadogo wao karo. Sasa wamekaa miaka miwili katika nyumba yao na hakuna dalili ya mtoto. Wanauliza: tuendelee kusali tu, au twende hospitali? Na tukienda, ni matibabu gani ambayo Kanisa linakubali?

Ndugu zangu, kusali na kwenda hospitali si mambo yanayopingana. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu daktari kwa sababu ni Mungu aliyemuumba, na dawa zimetoka katika ardhi ya Mungu. Wengi wenu mmekwenda kuhiji Subukia, katika Kijiji cha Maria Mama wa Mungu, mkateka maji ya chemchemi na kumwomba Mama Maria awaombee mtoto. Mmefanya vyema. Lakini ukitoka Subukia, barabara inayokuleta nyumbani inapita Nakuru mjini, na hapo madaktari wapo.

Nasema hivi kwa sababu ya maneno ambayo watu wema huwaambia wenzao: "Msijali, hata Sara alizaa akiwa na miaka 90, na Elisabeti pia alikuwa mzee." Ni kweli. Lakini someni habari hizo polepole. Sara alicheka aliposikia atazaa. Zakaria naye hakumwamini malaika. Biblia inatusimulia habari hizo kama maajabu kwa sababu watu wa wakati ule walijua vizuri kwamba umri hufunga mlango wa uzazi. Muujiza ni zawadi ya Mungu; hatuwezi kuuandika katika kalenda yetu kana kwamba ni mvua ya mwezi wa nne.

Hebu sasa tutazame jinsi Mungu alivyouumba mwili. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mayai yake yote, milioni moja hadi mbili hivi. Hayaongezeki tena. Anapovunja ungo hubaki na laki tatu au nne hivi, na kila mwaka yanapungua, awe amezaa au hajazaa, awe anatumia njia ya kupanga uzazi au hatumii. Uwezo wa kushika mimba huanza kupungua taratibu mke akikaribia miaka 32, na baada ya 37 hupungua kwa haraka. Mayai yanayobaki nayo yamezeeka, ndiyo maana mimba huharibika mara nyingi zaidi, na watoto wenye hali ya Down huongezeka: mama wa miaka 30 ana nafasi kama 1 katika 900 hivi ya kumzaa mtoto kama huyo, na mama wa miaka 40 kama 1 katika 100. Sisemi hili ili kuwatia hofu. Mtoto huyo naye ni mfano wa Mungu, na mama 99 kati ya 100 hao hawatampata. Lakini wenye ndoa wana haki ya kujua.

Kutokana na hayo, madaktari wana kanuni ambayo ningependa kila mume na mke waijue. Ikiwa mke hajafika miaka 35, na mnakutana kwa kawaida bila kuzuia mimba, ngojeni mwaka mmoja kabla ya kutafuta uchunguzi. Akiwa amepita 35, ngojeni miezi sita tu. Akiwa amepita 40, msingoje, nendeni mapema. Hali kadhalika ikiwa hedhi haina mpango, au mmoja wenu aliwahi kuugua kisonono au ugonjwa mwingine wa zinaa. Hapa kwetu Afrika, maambukizi ambayo hayakutibiwa ni sababu kubwa ya mirija ya uzazi kuziba.

Nimesema nendeni, si aende. Mara ngapi tumeona mke anazunguka hospitali tatu, anapigwa picha, anakunywa dawa, anapelekwa kwa mganga, na mume hajapimwa hata mara moja! Karibu nusu ya matatizo haya yanamgusa mwanamume pia, na kupima mbegu za kiume ni kazi rahisi na ya gharama ndogo kuliko vipimo vingi vya mke. Mzee, kufanya tendo la ndoa vizuri si ushahidi kwamba mbegu zako ni nzima. Wala kuwa na mtoto uliyemzaa ukiwa kijana si ushahidi wa leo, kwa kuwa mbegu za mwanamume nazo hudhoofika polepole baada ya miaka 40. Pombe na sigara huziharibu. Mbegu mpya huchukua miezi miwili na nusu hivi kutengenezwa, kwa hiyo ukiacha kunywa wiki hii usitarajie matokeo wiki ijayo. Wengine husita kwa sababu ya jinsi kipimo kinavyochukuliwa, maana Kanisa halikubali mtu kujichua. Mweleze daktari kwamba wewe ni Mkatoliki. Kuna njia ya kupata kipimo hicho katika tendo la ndoa lenyewe.

Mnapongoja, jifunzeni siku za rutuba. Wengi mlifundishwa njia ya Billings, ya kutazama ute, ili kupisha watoto. Njia hiyo hiyo husaidia kumpata mtoto. Yai huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za kiume zinaweza kuishi hadi siku tano ndani ya mke ute ukiwa mzuri, wenye kuteleza na kuvutika kama ule mweupe wa yai bichi. Siku hizo ndizo za kukutana. Kwa baba anayefanya kazi mbali, labda Naivasha kwenye maua au Nairobi, na kurudi mwisho wa mwezi, mambo mengine yataeleweka hapo bila daktari. Mke naye aanze vidonge vya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kabla ya mimba, apimwe presha na sukari, kwa sababu magonjwa hayo huja zaidi mimba ikipatikana baada ya miaka 35.

Sasa matibabu. Kanisa linabariki yote yanayosaidia tendo la mume na mke lizae: dawa za kukomaza mayai, upasuaji wa kufungua mirija au kuondoa uvimbe wa kizazi, kutibu maambukizi. Yasiyokubalika ni yale yanayochukua nafasi ya tendo hilo: kutungisha mimba katika maabara, mayai au mbegu za mtu mwingine, na kukodi tumbo la mwanamke mwingine. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa katika Donum Vitae ya 1987 na Dignitas Personae ya 2008. Mtoto ni zawadi inayotoka katika upendo wa wawili hao, na katika maabara wengi wa wale waliokwisha kutungwa hugandishwa au kutupwa. Hata hivyo, aliyezaliwa kwa njia hiyo ni mtoto wa Mungu kamili. Abatizwe na kupendwa, na mtu asimnyooshee kidole.

Najua neno hili ni zito kwa mama wa miaka 42 anayeona mlango mmoja tu mbele yake. Lakini mlango huo hauko wazi kama matangazo yanavyosema. Watoto wa kwanza wa namna hiyo nchini Kenya walizaliwa Nairobi mwaka 2006, na jaribio moja hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi. Kuna waliouza shamba. Na maabara hairudishi umri: kule Uingereza, ambako hesabu zinawekwa, mke wa chini ya miaka 35 anayetumia mayai yake hupata mtoto kwa kama kiinitete 1 katika 3 vinavyowekwa tumboni, akiwa na 43 au 44 ni kama 1 katika 20.

Ninyi mama wakwe na wazee wa ukoo mnaosoma ukurasa huu, nanyi sikilizeni. Wanandi na Wakipsigis walikuwa na desturi ya mama asiyezaa kuoa mke ili apate mrithi. Kwa wengine mume huambiwa aongeze wa pili. Sheria ya Kanisa, kanuni 1084, inasema wazi kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Hao wawili ni familia tayari. Elkana alimpenda Hana na kumpa fungu lake kabla hajapata Samueli.

Mkifikiria kumlea mtoto kisheria, msingoje mpaka mchoke. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022 mwombaji awe amefika miaka 25, na kwa kawaida mahakama haimkubali aliyepita 65. Safari yenyewe huchukua muda.

Na kwa wale watakaokwenda kumwona daktari mwezi huu, iwe ni katika hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wengi bado tunaiita PGH, au kwingineko: andikeni tarehe za hedhi za miezi sita iliyopita, mchukue karatasi zote za vipimo vya zamani, na muingie chumbani wote wawili.