KUZUIA SIYO KUONEA

Anayesimama Lusahunga, wilayani Biharamulo, huyaona malori yakielekea Rusumo, mpakani na Rwanda. Watu husifu injini. Lakini hakuna dereva mwenye akili atakayeteremka mlima bila breki, eti kwa kuwa breki inamnyima uhuru.

Ubongo nao ndivyo ulivyo. Katika gamba lake la juu, takriban seli moja kati ya kila tano kazi yake si kuwaamsha wenzake bali kuwatuliza. Hutoa kemikali iitwayo GABA, na seli inayoipokea huwa nzito kupeleka ishara. Kwa kazi hiyo kidole kimoja huinuka vingine vikatulia. Basi katazo si adui wa tendo. Ndilo linaloliweka sawa.

Mizani ya kuamsha na kutuliza ikivurugika, seli nyingi huweza kulipuka kwa pamoja. Mtu huanguka, hukakamaa, hutokwa povu. Hicho ni kifafa. Nasi hufanya nini? Wapo wasemao kapandwa na jini, wapo wanaokimbia povu wakidhani linaambukiza. Mgonjwa huachwa peke yake, hata akiangukia kando ya mafiga. La hasha, kifafa hakiambukizi! Anayeungua hapo hakuunguzwa na maradhi peke yake, bali pia na miguu yetu iliyokimbia.

Kule Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dk. Louise Jilek-Aall aliwafungulia kliniki wagonjwa wa namna hiyo waliokuwa wametengwa. Dawa ya fenobabitali, inayotumika kutibu kifafa tangu 1912, huipa nguvu ile kazi ya GABA. Yaani kidonge humrudishia mtu breki yake.

Sasa tujiulize, mwenye kulaumiwa ni nani? Mgonjwa breki imemponyoka bila hiari yake. Sisi tunayo breki ya ulimi na ya woga, nzima kabisa, tukakataa kuikanyaga.

Akianguka mtu, msogeze mbali na moto, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Ikipita dakika tano hajatulia, mkimbize hospitali. Na asiache dawa ghafla bila kauli ya daktari. Aliyekosa cha kumzuia ndani, anahitaji jirani wa kumshika nje.