Kazi Yenye Maana, kwa Nani?

Mfanyakazi wa benki au wa kampuni ya matangazo hufika mahali mshahara unaingia lakini moyo haumo. Anaacha kazi, anajiunga na shahada ya uzamili inayohusu mazingira na maendeleo endelevu, akitaka kutoka huko akiwa msemaji wa udongo, misitu na maji. Nawaheshimu watu hawa kwa dhati. Kinachonisumbua ni imani wanayoondoka nayo: kwamba maana imekaa ndani ya kazi fulani inasubiri, na anayehamia huko ataikuta.

Nachingwea, kusini mwa Tanzania, iliwahi kupokea wahamiaji wa aina hiyo. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi Uingereza na pendekezo la kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu za pori kulima karanga. Sehemu kubwa ya ekari hizo ilikuwa Jimbo la Kusini la Tanganyika. Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na askari waliotoka vitani waliomba kazi hiyo kwa maelfu. Wengi wao waliamini wanakuja kulisha ulimwengu. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikafika Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Baada ya uhuru hata reli iling'olewa. Udongo, mvua na mitambo vilichangia anguko hilo. Lakini Wamwera waliokuwa wakilima nchi hiyo tangu zamani walikuwapo, na mpango haukuwa na mahali pa kuweka jibu lao. Walihesabiwa kama vibarua. Kusudi likiwa kubwa sana huziba masikio ya mwenye nalo.

Samora Machel naye alibadili kazi. Alikuwa muuguzi Lourenço Marques, akavuka kuja Dar es Salaam mwaka 1963 kujiunga na FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Katika kambi ya Nachingwea, ambako aliwafunza wapiganaji, waliowasili kutoka pande mbalimbali za Msumbiji walisimuliana mateso ya kwao, Mmakonde akayasikia ya mtu wa Gaza na kumtambua adui yule yule. Maneno yalikuwa kazi, na yalianza kwa kusikiliza. Kisha mwaka 1975, kambini hapo hapo, Uria Simango na wapinzani wengine wa uongozi wa FRELIMO walisimamishwa hadharani wasome maungamo waliyoshurutishwa. Kusudi lilikuwa bado lina jina lile lile. Kilichokosekana ni ruhusa ya anayesema kutamka jambo lisilotakiwa.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi ya mawasiliano hupata maana yake kwa anayeambiwa, pale anapoweza kujibu na jibu lake likabadilisha ulichokuja kusema.

Chukua mfano wa salfa inayopuliziwa mikorosho. Juni na Julai, alfajiri, upepo ukiwa bado haujaanza, mashamba ya Nachingwea na Ruangwa hunguruma kwa mashine za kupulizia. Umande ungali kwenye majani, unga wa njano unanata, na aliyebeba mashine anatoka mkorosho hadi mkorosho amejifunga kitambaa puani, nyusi zimekuwa njano. Asipopulizia, ugonjwa wa ubwiriunga unakausha maua. Hakuna cha kupeleka chama cha ushirika (AMCOS), hakuna mnada, hakuna sare za shule. Wakati huo huo, watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba salfa ya miaka na miaka huongeza tindikali kwenye udongo. Msomi wetu wa mazingira atafika na ukweli huo, na uzamili umemsaidia kweli: mwenye nia njema asiyeweza kusoma vipimo vya udongo atapotosha watu bila kujua. Ila mama mwenye mikorosho yake atamwuliza, "Mwaka huu nisipopulizia, mwanangu, nitakula nini?" Bila swali hilo ule ukweli wa maabara haujakamilika, kwa sababu udongo unaozungumziwa ni shamba la mtu.

Ruangwa ina swali zito zaidi. Ardhini kuna kinywe, madini yanayoingia kwenye betri za magari ya umeme, kwa hiyo hewa safi ya miji ya mbali huanza na shimo katika ardhi ya kijiji. Msemaji wa nishati safi amesimama kwenye mkutano wa kijiji. Mzee mmoja ananyoosha mkono, anataka kujua mthamini wa fidia aliuhesabuje mkorosho ambao bado haujazaa. Msemaji huyo analipwa na mtu, na anayemlipa anasubiri ripoti. Jioni atakapokaa kuiandika ndipo ningependa kumwona yule aliyeacha benki: kama swali la mzee litaingia humo kwa maneno ya mzee mwenyewe, au litageuka kuwa mstari unaosema jamii bado haina uelewa wa kutosha kuhusu mradi.