Mifuko Miwili Tu

Kwetu Binza hakuna ziwa. Sisi ni watu wa pamba, mahindi na ng'ombe, na maji mengi tunayoyajua ni ya lambo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usishangae mtu wa bara kama mimi akijitia kuandika habari za vyombo vya majini. Ninayo sababu, na sababu yenyewe inanikera mpaka leo.

Mwaka 2017 nilikwenda Ukara kumsalimu mama mdogo aliyeolewa huko. Safari ni ndefu: Maswa, Bariadi, Lamadi, Bunda, halafu Kisorya, ambapo unapanda kivuko kwenda Ukerewe. Ukifika Nansio unatafuta gari la Bugolora, kisha unavuka maji mara ya pili. Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, na vitu vya dukani lazima vivushwe. Kwa mtu wa Ukara, Ukerewe, ambayo nayo ni kisiwa, ndiyo ng'ambo yake ya kufuata mahitaji.

Mama mdogo alikuwa anajengea kaburi la mumewe. Siku ya gulio tukavuka hadi Bugolora, tukanunua sabuni, sukari, mafuta ya taa na mifuko miwili ya saruji. Wakati wa kurudi tukakuta boti ya mbao imekwisha jaa. Mwenye boti akakataa: "Hapana, imetosha. Subirini nyingine." Jua lilikuwa linazama na mawingu yanajikusanya. Nikamvuta pembeni. "Bwana, mifuko miwili tu." Nikamtilia elfu mbili mkononi. Akaitazama noti, akayatazama maji, akapaza sauti: "Haya, songeni, songeni!" Watu wakasonga. Ukingo wa boti ulibaki kama kiganja kimoja juu ya maji. Mbele yangu alikaa binti mmoja amempakata mtoto, hakusema neno. Tulifika salama, tukapika, tukala, tukalala.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora siku ya gulio, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220, na 41 waliokolewa. Mizigo ilikuwa mahindi, ndizi, saruji: vitu vya nyumbani. Mama mdogo hakusafiri siku hiyo. Nilipompigia simu alilia hadi akanyamaza, kisha akasema, "Baba, wale wote walikuwa na mifuko yao miwili tu."

Maneno hayo sijaweza kuyasahau. Hebu tuulizane: mtu wa 102 akipanda, chombo hakizami. Wa 103 naye akipanda, hakizami. Basi ni nani kati yao tutakayemnyooshea kidole? Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa shuleni, tukaambiwa tuweke akiba. Kumbe methali hiyo haichagui. Hujaza kibaba cha unga, na hujaza chombo pia. Ndani ya mabasi yetu wameandika "Abiria chunga mzigo wako." Naam, kila mtu akauchunga wa kwake, na jumla ya mizigo yote ikakosa mwenyewe.

Wapo watakaosema ajali haina kinga, ni kazi ya Mungu. Mimi sikubali. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, watu zaidi ya 800 walikufa, na abiria wa daraja la tatu majina yao hayakuwa hata kwenye orodha. Kuhesabu watu ni kazi ya binadamu. Mungu hakutunyima vidole.

Wengine watauliza: maskini achague nini? Hoja hii ina uzito. Gulio lina siku yake, chombo ni kimoja, mgonjwa nyumbani anasubiri dawa, na atakayebaki Bugolora alale wapi? Serikali na wenye vyombo wana deni kubwa kuliko abiria, kwa sababu wao ndio wenye uwezo wa kuongeza chombo na wa kusema basi. Lakini zile elfu mbili hazikutoka serikalini. Zilitoka mfukoni mwangu mimi, na zilinunua ruhusa ya kumhatarisha mtoto wa yule binti, ambaye hakuulizwa kitu.

Tena kufika kwetu salama hakunisafishi. Nilichokifanya mimi na alichokifanya yule aliyepakia mzigo wake siku ya msiba ni kitu kile kile. Ziwa ndilo lililokuwa tofauti. Kama yeye tunamlaumu, mimi mniiteje? Na kama mimi nimesamehewa kwa kuwa nilifika, basi tumekubali kupima wema wa mtu kwa upepo uliovuma siku hiyo.

Juzi nilipanda hais kutoka Maswa kurudi nyumbani. Konda akasukumiza watu wawili zaidi juu ya magoti yetu. Nikajikaza nikasema, "Konda, gari limejaa." Yeye wala hakujisumbua kunijibu, walionijibu ni abiria wenzangu. Mmoja akasema, "We kaka, ukitaka nafasi nunua gari lako!" Watu wakacheka, na hilo halikuniumiza. Lakini mama mmoja wa makamo, kwa sauti ya upole kabisa, akaniambia, "Mwanangu, na mwenzio naye anataka kufika kwao."

Nilikosa jibu. Nikasogea. Wewe msomaji ungemjibu nini?