Mtendaji wa kijiji na amana ya kuaminiwa wakati wa janga

Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kukiona kirusi cha korona kwa macho yake. Tuliamini kuwa kipo kwa sababu tuliambiwa. Waliotuambia nao waliambiwa na wengine, mpaka mnyororo ukamfikia mtu mwenye darubini katika maabara ambayo hatutaingia maishani. Karibu yote tunayoyajua kuhusu janga ni habari za kupokea. Nasi ambao elimu ya hadithi imetuzoesha kuuliza "nani kakuambia, naye kaambiwa na nani" tunapaswa kuwa wepesi kuelewa kwamba habari ya namna hiyo haiwezi kuwa na nguvu kuliko anayeileta.

Kwa mkazi wa Kariakoo au Ngarenaro wapokezi ni wengi. Yupo mtangazaji, yupo muuza duka la dawa, yupo daktari anayeswali naye msikiti mmoja. Mmoja akimtia shaka, atamuuliza mwingine. Tumchukue sasa mfugaji wa Oloipiri, kata iliyoko tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, upande unaopakana na Kenya. Hata kama ana simu na redio, serikali inayosimama mbele yake na kujibu maswali yake ni mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kijiji na mhudumu wa zahanati. Hao ndio mlango wake. Swali langu leo ni la kimaadili zaidi kuliko la kitabibu: ni wakati gani mkazi huyo anawajibika kuusikiliza ushauri unaoletwa na mlango huo, na serikali inadaiwa nini kabla ya kumtaka asikilize?

Tukumbushane mtendaji huyo alipewa ujumbe gani. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, aliyegundulika Arusha. Siku iliyofuata shule zikaanza kufungwa. Vijijini ikahubiriwa maji tiririka, sabuni, barakoa na kukaa mbalimbali. Penye bomba la kuhesabu, watu wakafundishwa kutengeneza kibuyu chirizi. Mwanzoni mwa Mei takwimu zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Juni, Rais John Magufuli akasema ugonjwa umeondolewa kwa maombi. Januari 2021, akiwa Chato, akaonya juu ya chanjo, na mwezi uliofuata akawahimiza watu wavae barakoa zilizotengenezwa hapa nchini. Machi akafariki dunia. Julai 28, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani na kuwaomba wananchi wafanye hivyo hivyo.

Sina nia ya kufufua ugomvi wa nani alikuwa sahihi katika ngazi za juu. Yameshaandikwa mengi, na wengi wa waandishi hao hawajawahi kuitisha mkutano wa kijiji. Ninachotaka tukione ni kwamba katika muda wa miezi 16 mtu yuleyule, chini ya mti uleule, alitakiwa awaambie wazee walewale kwamba ugonjwa upo, kwamba umekwisha, kwamba chanjo ni ya kutiliwa shaka, kwamba chanjo ni salama. Hakuyatunga yeye. Hata hivyo kinywa kilikuwa chake, na deni la maneno hayo likaandikwa kwa jina lake.

Tena Oloipiri wana jambo ambalo sisi wa mjini hatukuwa nalo. Ndugu zao wa ukoo mmoja wako ng'ambo ya mpaka, kaunti ya Narok. Huko Kenya amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi 2020, na barakoa zikawa za lazima. Huku kwetu hakuna aliyezuiwa kutoka. Mei 16 mwaka huo Kenya ikafunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, ikabakisha mizigo. Fikiria mzee mmoja, lugha moja, ng'ombe wa aina moja, serikali mbili, na nasaha mbili zinazopingana juu ya ugonjwa uleule. Mzee huyo atafanya nini? Atarudi kwenye kipimo cha zamani kabisa: nani kati ya hawa amenitendea mema zamani, ili nimsadiki leo?

Wapo watakaosema kwamba watu wa vijijini hawasikii ushauri kwa sababu ya ujinga, na mara nyingi hutolewa mfano wa Samunge, kijiji cha wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika huko kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, Babu wa Loliondo, kwa shilingi 500. Mfano huo unawageukia wanaoutoa. Waliojaza foleni ile ya magari hawakuwa wafugaji wa Loliondo peke yao. Walitoka Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, wakiwamo watu wenye shahada na wenye vyeo serikalini. Kiongozi anapopiga picha ameshika kikombe, huo nao ni ushauri kwa umma, hata kama hakutamka neno, na ni mzito kuliko tangazo la daktari anayewasihi wagonjwa wasiache dawa za kufubaza virusi. Babu mwenyewe alifariki tarehe 30 Julai 2021, siku mbili baada ya chanjo ya korona kuzinduliwa. Ninachojifunza Samunge ni kwamba mwanadamu, msomi na asiyesoma, humwamini kwanza mtu, ndipo aamini dawa. Mzee yule aliishi kijijini na bei yake ilikuwa shilingi 500. Ilitosha.

Basi tuje kwenye msaada, kwa maana ushauri na msaada haviachani. Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango wa maendeleo kwa ustawi wa taifa na mapambano dhidi ya UVIKO-19, wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3, fedha za mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Sehemu kubwa iliyoonekana kwa macho ilikuwa madarasa 15,000, yajengwe ili watoto wasibanane. Hatua hiyo naipongeza. Mtoto akikaa kwenye darasa lenye nafasi na dirisha, amelindwa na ugonjwa huu na mwingine ujao, tena hahitaji kumwamini mtu yeyote ili alindwe.

Lakini mwishoni mwa Machi 2022 Halmashauri ya Wilaya ya Ngorongoro iliwaandikia walimu wakuu wa shule za tarafa ya Ngorongoro, wale walio ndani ya eneo la hifadhi, kwamba fedha za UVIKO zilizokuwa zimepangiwa shule zao zihamishiwe Halmashauri ya Handeni, mkoani Tanga. Handeni ndiko kilipo kijiji cha Msomera, ambako serikali ilikuwa inaandaa makazi kwa wakazi watakaohama hifadhini.

Mtetezi wa uamuzi huo ana hoja, na ni haki tuisikie. Atasema fedha ni za watu, siyo za majengo. Ikiwa watu wanahama, msaada uwafuate. Kujenga darasa mahali ambapo watoto wataondoka ni ubadhirifu wa mali ya umma. Hoja hiyo ingesimama imara kama watoto wangekuwa wamekwisha kuhama. Msafara wa kwanza wa kwenda Msomera uliondoka Juni 16, 2022. Siku barua ile inaandikwa, watoto walikuwa wangali wamekaa kwenye madawati yaleyale ya Ngorongoro, na uhamaji ulikuwa unaitwa wa hiari. Sasa ikiwa jambo ni hiari, mtu hajajibu bado, nawe ukaondoa fedha ya darasa la mwanawe, umemwachia hiari gani?

Hapa ndipo ninapoona kosa la kimaadili, na ni kubwa kuliko hesabu ya fedha zenyewe. Kitu kilichotolewa kwa sababu ya maradhi kina mwenyewe, naye ni yule aliye katika hatari ya maradhi. Huwezi kukishika kwa jina la dhiki yake kisha ukakitumia kumsukuma katika jambo jingine. Na tusisahau kwamba fedha zile ni mkopo. Atakayezilipa ni Mtanzania, akiwamo mfugaji anayelipa ushuru mnadani. Kwa hiyo haziwezi kuitwa fadhila ya mtu yeyote. Ni amana, na mwenye amana hakabidhiwi kitu ili achague nani anastahili kwa kumpenda.

Utasema Oloipiri iko tarafa ya Loliondo, nje ya hifadhi, barua ile haikuwahusu. Ni kweli, haikuwahusu shule zao. Lakini halmashauri ni moja, mkurugenzi ni mmoja, na habari husafiri na ng'ombe. Tena Juni 2022 zamu yao ilifika kwa njia nyingine, pale kilomita za mraba 1,500 za ardhi ya Loliondo zilipowekewa mipaka ya pori la akiba la Pololeti. Askari polisi mmoja aliuawa, wakazi wakajeruhiwa, wengine wakakimbilia Kenya kutafuta matibabu. Madiwani kadhaa wa Loliondo, yaani haohao wanaotegemewa kufikisha ushauri wa serikali kwa watu, walikamatwa na kushtakiwa kwa mauaji. Waliachiwa Novemba mwaka huo baada ya mashtaka kuondolewa.

Sasa jiweke mahali pa mkazi huyo. Gari la halmashauri linaingia kijijini. Limeleta nini leo, chanjo au vigingi vya mpaka? Aliye mjini anaweza kuitenganisha Wizara ya Afya na ile ya Maliasili. Kijijini ofisi zote hizo zinakuja na gari la rangi moja na kukaribishwa na mtendaji mmoja. Imani ya watu haigawanyiki kwa idara. Anayemnyima mtu sababu ya kumwamini katika ardhi anakuwa amemnyima na daktari wake.

Nimekuwa nikiukumbuka mkasa wa tauni ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria. Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda Sham alipofika Sargh na kuambiwa kuna maradhi mbele. Hakukimbilia kutoa amri. Aliwaita Muhajirina wakahitilafiana, akawaita Ansari wakahitilafiana, akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakasema warudi. Abu Ubayda alipompinga kwamba ni kuikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, Umar alimjibu kwa mfano wa mchungaji aliyefikisha ngamia wake kwenye bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine kavu, kwamba popote atakapolisha ni kwa kadari ya Allah. Mfano huo ukiupeleka Oloipiri hauhitaji mkalimani. Naye Abu Ubayda, amiri wa jeshi la Sham, alibaki na watu wake mpaka maradhi hayohayo yakamchukua. Mmoja alishauriana kabla ya kuamua na akaeleza sababu kwa lugha ya malisho, mwingine hakuwaacha aliokuwa akiwaongoza. Hayo yote yalitangulia utii.

Sikusudii kusema kwamba mkazi aliyeonewa katika ardhi ana haki ya kukataa chanjo. Maradhi hayaulizi nani ana kesi na serikali, na mama mwenye mtoto mchanga ndani ya boma analindwa na uamuzi wa jirani yake. Wajibu wa mkazi kwa jirani unabaki palepale, hata pale serikali inapotimiza wake nusunusu. Ila wajibu huo ni kwa jirani. Serikali haiwezi kuugeuza kuwa hati ya kudai isikilizwe bila kuulizwa maswali.

Na njia ya kurekebisha ipo, wala haihitaji mkopo. Chanjo ilipokuwa inasuasua mwaka 2021, kasi ilipatikana watumishi walipoacha kungoja hospitalini na kuwatumia viongozi wa vijiji, wa dini na wa mila, wakapita nyumba kwa nyumba. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inawapa wanakijiji wote watu wazima mkutano mkuu wao. Katika mkutano huo mtendaji anatakiwa asome mapato na matumizi. Katika wilaya ya Ngorongoro hesabu ya fedha za UVIKO isomwe hapo, kijiji kwa kijiji, na kwa Kimaa: ziliingia ngapi, zimejenga nini, zilizoondoka ziliondoka kwa barua ya nani, na zitarudishwa lini. Mtendaji asiwe na haraka ya kufunga kikao. Wazee wa kule huzungumza kwa zamu, na mara nyingi swali lenyewe huja kwa yule wa mwisho kusimama.