Kunguru wa Ukutani
Somo: Luka 12:22–31

Juma lililopita mama mmoja wa usharika wetu alinijia na daftari. Anawafundisha wanawe watatu nyumbani, na sasa anataka kuwapa mwezi mzima wa somo la ndege. Orodha alikuwa nayo tayari: heroe wa Ziwa Natron, mbuni, tai, korongo wanaokimbia baridi ya Ulaya. Tatizo ni kwamba darubini ni ghali, safari ya mbugani ni ghali zaidi. "Mchungaji, nianzie wapi?" Kabla sijafungua kinywa, kunguru aliyekuwa ukutani akashuka dirishani, akanyakua kipande cha andazi kwenye sahani yangu, akaenda zake.

Nikamwambia, anza na huyo.

Sikuwa natania. Katika Mathayo sura ya 6, Bwana anawataka wanafunzi wawaangalie ndege wa angani. Luka anamtaja ndege mmoja kwa jina, naye ni kunguru. Na hapo Biblia yetu ya Kiswahili haisemi kuangalia, inasema kutafakari, neno lile lile tunalolitumia kwa maandishi kama haya. Tena kunguru yumo katika Walawi 11, miongoni mwa ndege walio najisi. Wasikilizaji wa Bwana walilijua hilo. Angeweza kumtaja njiwa, ndege wa sadaka. Hakumtaja.

Nasi watu wa Dar es Salaam tuna kunguru wetu, mwenye shingo ya kijivu. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka za mji, akazaana, akavuka hadi bara, akamsukuma pembeni kunguru wa asili mwenye kifua cheupe. Anaiba mayai, anabeba vifaranga. Mtoto atauliza: hata huyu Mungu anamlisha? Mama, usikimbilie kumjibu. Mwache akae na swali lake siku mbili tatu, huku akihesabu kunguru wa jalalani na kuandika wanachokula. Nimehubiri miaka mingi na swali hilo bado linanisumbua, hasa vifaranga wangu wanapopungua.

Akitoka kwa kunguru, ahamie kwa mnana. Hapa darubini haihitajiki kabisa, kelele zao zitakupeleka kwenye mnazi wenyewe. Dume huchana ukanda mwembamba wa jani, huufunga kwenye kuti, husuka pete, halafu chumba. Kisha huning'inia kichwa chini akipiga mabawa kumwita jike. Jike huja, huingia, hukagua. Asiporidhika huondoka, na kiota kilichokataliwa kikichakaa, dume hukibomoa kwa mdomo ule ule na kuanza upya. Watoto wajaribu kusuka kiota kama hicho kwa vidole kumi. Wakishindwa, msiwasaidie upesi.

Siku ya mvua wasome Kumbukumbu la Torati 22:6–7. Ukikuta kiota, mama akiwa ameatamia, usimchukue mama pamoja na makinda. Sheria ndogo hiyo imebeba ahadi ya kuongezewa siku, sawasawa na amri ya kuwaheshimu baba na mama. Wavulana wenye manati waisikie vizuri. Nami nilikuwa na manati, na tetere wa kijijini kwetu hawakuwa na la kunishukuru.

Heroe wa Natron watangoja. Wazazi wengine mnaotaka kujiunga, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tutakaa na watoto barazani kwangu, kabla jua halijawa kali na ndege hawajajificha. Kila mtoto aje na daftari na penseli. Manati ziacheni nyumbani, na maandazi yenu yafunikeni.