Waliotumwa Wawili Wawili

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 10, twasoma jinsi Bwana wetu Yesu Kristu alivyowatuma wafuasi wake wawili wawili. Aliwaagiza waingie nyumbani mwa watu, wale walichoandaliwa, wawaponye wagonjwa. Angalieni utaratibu wake: kula kwatangulia kuponya.

Neno hilo lanijia nifikiripo wanafunzi wa uuguzi wanaotumwa vijijini kujizoeza kufundisha afya. Milima yetu ya Amani si migeni kwa elimu. Wajerumani walianzisha huko chuo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na baadaye wataalamu wa malaria wakakaa miaka mingi wakichunguza mbu. Lakini elimu haishuki mlimani kwa miguu yake. Hapana budi ibebwe na mtu.

Chukueni habari ya degedege. Katika pwani yetu wengi walisadiki, na wengine wasadiki hata leo, ya kuwa degedege si malaria bali ni pepo ajaye kwa sura ya ndege, na ya kuwa mtoto akipigwa sindano atakufa. Basi hupelekwa kwa mganga wa kienyeji, akafukizwa moshi wa mavi ya tembo. Na huku vimelea vya malaria vyaziba mishipa midogo ya ubongo, na kila saa ipitayo ni hatari. Mwanafunzi ayajua hayo yote. Akimcheka mama, mama ataitikia, “Ndiyo, mwanangu,” na usiku mtoto akishikwa atarudi kule kule kwa mganga. Nani basi amemwua mtoto yule? Mimi sithubutu kumtaja mama peke yake.

Bali mwanafunzi aketi mkekani, aupokee uji aliopewa, aulize: “Mama, mtoto alipoanza kukakamaa mlifanya nini?” Asikilize mpaka mwisho. Pengine atasikia habari ya mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa mahututi, akachomwa sindano, akafa. Ndiyo maana sindano ilipewa lawama ambayo ilikuwa ya kuchelewa. Hapo ndipo aeleze kwamba homa ya mchana na degedege ya usiku huweza kuwa ugonjwa mmoja. Kwamba mtoto alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani, akimbizwe zahanati hata kama ni usiku. Bibi ya mtoto naye awepo, maana mara nyingi ndiye mwenye kauli nyumbani, jambo ambalo vijana wetu husahau.

Mwaka 1973 kampeni ya “Mtu ni Afya” iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, nao wakazungumza, kisha wakachimba vyoo. Hawakuhutubiwa tu.

Kwa hiyo nawaomba mapadre wenzangu na makatekista: wanafunzi hao wakifika parokiani, tuwape nafasi Dominika baada ya Misa, chini ya mwembe, si mimbarani. Na jirani zetu Waislamu waalikwe mapema, pamoja na wakunga wa jadi, na mganga wa kienyeji pia akikubali kuja.