Moto, Pamba na Barafu ya Greenland

Shemeji yangu ni mwalimu wa Kurani, mtu msomi na mwenye subira, na hoja yake kuhusu barafu ya ncha za dunia ni fupi: aliyeigandisha ndiye anayeiyeyusha. Mimi nimefundisha fizikia sekondari karibu umri wangu wote wa kazi, na sentensi hiyo naiamini neno kwa neno. Ninachokikataa ni kule anakoipeleka, kwamba madhali mwenye kuyeyusha ni Mungu, basi hakuna mwanadamu wa kuulizwa.

Ubishi huu tumeurithi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa moto na pamba katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa. Pamba ikigusa moto huungua, lakini jicho linachoona ni kuungua kutokea pamoja na kule kugusana, basi. Halioni moto ukiunguza. Mtendaji ni Mungu, mwenyewe au kupitia malaika wake. Baadaye Ibn Rushd wa Cordoba akajibu kwamba anayekana sababu ameikana na akili pia. Shemeji yuko kwa Ghazali, nami sina haja ya kumtoa huko. Ghazali huyohuyo, alipofika kwenye mlango wa tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, katika kitabu chake kingine, Ihya, alimhesabu kuwa mwendawazimu yule mwenye njaa anayekataa kunyoosha mkono kwenye chakula kwa madai kwamba anamtegemea Mungu. Mungu ana ada yake katika viumbe, na mwenye kuijua ada hiyo hawezi kujifanya haijui. Nikimwachia mtoto kiberiti karibu na gunia la pamba, hakuna sheikh wa Kighazali atakayeniambia niende zangu.

Kwa hiyo swali langu kwa shemeji ni la ada tu: barafu inayeyuka kwa njia ipi?

Wanaosema mwanadamu hahusiki wana hoja, na ni dhuluma kuwafanya wajinga. Wanasema hali ya hewa ilibadilika tangu zamani. Kweli. Mserbia Milutin Milanković alipiga hesabu za jinsi njia ya dunia kulizunguka jua inavyobadilika umbo kwa takriban miaka 100,000, na mhimili wake kuzidi na kupunguza kuinama kwa miaka 41,000, na jinsi hayo yanavyoleta enzi za barafu na kuziondoa. Wanasema chini ya barafu ya magharibi mwa Antaktika kuna volkano. Zipo. Wanasema katika barafu ya kale iliyochimbwa huko kuna vipindi ambavyo joto lilitangulia kupanda, hewa ukaa ikafuata. Na wanasema barafu inayoelea kuizunguka Antaktika iliongezeka kidogo tangu setilaiti zilipoanza kuipima vizuri mwaka 1979 hadi 2014. Hilo nalo ni kweli, ingawa mwaka 2023 ilishuka kuliko wakati wowote katika vipimo hivyo. Barafu ile husukumwa sana na upepo na mikondo, na wataalamu hawajamaliza kuibishania.

Lakini kila sababu ina dalili yake, na hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wangu wakae kitako. Kama jua ndilo lililozidi ukali, anga lingepata joto chini na juu. Kinachopimwa sicho. Tabaka la chini, tunamoishi, linapata joto, na stratosfia iliyo juu yake inapoa. Ni jambo la ajabu ukilitafakari: paa linapoa huku chumba kikichemka. Syukuro Manabe na Richard Wetherald waliliona katika hesabu zao za mwaka 1967, kwamba hewa ukaa ikiongezeka ndivyo itakavyokuwa, kwa sababu hewa hiyo huzuia joto lisitoke huku chini, na kule juu kabisa hulitupa nje. Nguvu ya jua lenyewe inapimwa na setilaiti tangu 1978, na haijaonyesha kupanda. Mizunguko ya Milanković, kwa zama hizi, inapunguza jua la kiangazi huko kaskazini; ingeachiwa kazi peke yake, Aktiki ingekuwa inapoa polepole. Na volkano za Antaktika haziwezi kueleza kwa nini Greenland, upande wa pili wa dunia, inapoteza barafu wakati uleule.

Kuna ushahidi mmoja ninaoupenda kuliko mingine. Mahali paitwapo Dome C, Antaktika, watafiti walitoboa barafu zaidi ya kilomita 3 kwenda chini. Ndani ya barafu hiyo kuna viputo vidogo vya hewa, vilivyofungiwa theluji ilipogandamizwa, kila kimoja kikiwa na hewa ya zama zake. Barafu ya chini ilitoa hewa ya miaka 800,000 iliyopita. Katika muda wote huo hewa ukaa ilipanda na kushuka, enzi baada ya enzi, bila kuvuka sana sehemu 300 kwa milioni. Leo imepita 420. Na tunajua ilikotoka, kwani makaa ya mawe na mafuta yamezikwa muda mrefu mno hata kaboni yake ya mnunurisho imekwisha. Hans Suess aliikuta hewa ya dunia ikipungukiwa kaboni hiyo miaka ya 1950. Kwamba zamani joto lilitangulia hakuipi hewa ukaa udhuru wowote. Zamani mzunguko wa dunia ulianza, hewa ukaa ikakoleza. Safari hii tumeanza sisi.

Aktiki ndiyo inayoumia zaidi kwa joto, karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979. Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, bahari iliyo wazi hairudishi hata 10. Barafu ikiondoka, maji meusi yanameza kilichokuwa kikirudishwa.

Hapo shemeji hukubali ada, akageukia hukumu. Waliochoma makaa ya mawe Manchester, aliniambia, hawakujua, tena wamekwisha kufa. Namjibu kwa fikihi aliyonifundisha mwenyewe. Ukiharibu mali ya mtu bila kukusudia, dhambi huna, lakini fidia unadaiwa. Na marehemu akiacha deni, hulipwa kwanza ndipo mirathi igawanywe. Viwanda, reli na benki vya watu wale vimerithiwa, na warithi wanajulikana. Aliyeharibiwa naye anajulikana. Barafu ya Greenland ina uzito mkubwa kiasi cha kuyavuta maji ya bahari yaje kwake. Ikipungua, maji ya jirani yake hushuka na ya mbali hupanda kuliko wastani. Sehemu ya maji hayo inakuja Pangani na Lamu, kwa watu ambao hawakupata hata reli moja katika urithi ule.

Amebaki na pingamizi moja, nalo si dogo: wadaiwa ni wengi mno, sisi wenye pikipiki na majenereta tukiwemo, nani atagawa? Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilitoa maoni ya ushauri kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kuilinda hali ya hewa, na inayouvunja inaweza kutakiwa kufidia. Majaji waligusa pingamizi la shemeji pia. Walisema sayansi inaweza kukadiria kila nchi imechangia kiasi gani, cha zamani na cha sasa.